Droni Juu ya Mpaka wa Bumula

Kwa miaka kumi na tisa Edah Nangila alikuwa amewapiga picha watu wa Matisi, mjini Kitale: za vitambulisho, za ubatizo, za harusi. Siku hizi maharusi walikuwa wakimuuliza kwanza kama ana droni. Akisema hana, wanaenda kwingine. Basi, akiwa na miaka arobaini na minane, akaamua kujifunza.

Mwalimu wake, Hillary Sifuna wa Tuwan, alikuwa mtu mpole mwenye kibali cha kurusha droni. Alianza kumfundisha uwanjani hapo Kitale: asubiri mashine ishike setilaiti, asiipoteze machoni, airudishe betri ikiwa bado na nguvu, na asipige picha jua likiwa la utosi. Edah alishika haraka. Lakini Jumamosi ya pili Hillary akasema wahamie Bumula, kaunti ya jirani, kwenye shamba la kakake, Wangila, eti huko hakuna nyaya za stima.

Kwani Trans-Nzoia nzima imekosa shamba lisilo na nyaya? Edah alijiuliza, lakini akaenda.

Walienda Jumamosi tatu mfululizo, kila mara Wangila akiwa sokoni. Hillary alimtaka arushe kutoka kwenye kisiki kilekile, urefu uleule, apige picha nguzo zilezile zilizotenganisha miwa ya Wangila na mahindi ya jirani. Edah akigeuza kamera kutafuta picha ya kupendeza, anarudishwa. Wakimaliza, mwalimu anachomoa kadi ya picha kwenye droni na kuitia mfukoni.

Jumamosi ya tatu mama mmoja akatoka kwenye mahindi. Alikuwa Fridah, mjane wa ndugu mwingine wa Hillary na Wangila.

“Dada,” alimwambia Edah, “nani amewatuma mpime shamba langu?”

Edah alijibu kwamba anajifunza tu. Fridah alimtazama mpaka Edah akaona aibu, kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake.

Jioni alifungua simu yake, ile aliyokuwa akiiunganisha na droni, iliyobaki na nakala ndogo za picha zote. Akalinganisha Jumamosi tatu. Kwenye picha ya kwanza, nguzo zilikuwa upande wa miwa, kabla ya kuufikia mpera mmoja. Ya mwisho, zilikuwa zimeupita mpera na kuingia kwenye mahindi.

Kesho yake akamwita Hillary studioni, akaweka simu mezani.

“Mwalimu, unamsaidia kakako kumnyang'anya shemeji yako shamba?”

Hillary aliivuta simu karibu, akazitazama picha.

“Namzuia,” alisema. “Ningepiga picha mimi, Wangila angesema nimezitengeneza. Nilitaka mtu asiye wa ukoo.”

“Na hukuniambia.”

“Ungekataa, mama.”

Edah hakujua kama aamini. Alimwambia kwamba kama ni kweli, picha ziende kwa chifu wiki hiyo, na yeye atakuwepo. Hakumwacha Hillary atangulie peke yake.

Mbele ya chifu Wangila alidai mchwa walikula nguzo, akaweka mpya kwa kukisia. Edah alieleza kila picha aliipiga lini na akiwa amesimama wapi. Kabla ya mwezi kuisha nguzo zilirudishwa. Fridah alimshukuru Edah, ila alimpita Hillary bila kumsalimia.

Edah alimalizia masomo yake Kitale, kwa mwalimu yuleyule. Alifundishwa vizuri. Lakini kila alipoambiwa arushe mahali, aliuliza kwanza shamba ni la nani.