Uso wa Mama Ulioenda Ufilipino

Kwetu Tabaka, kijiji cha Wagusii, wanaume huchonga mawe na wanawake husugua. Ndivyo nilivyokuta. Baba alikuwa na tezo na kisu, mama alikuwa na karai la maji na kipande cha msasa, nami nilikaa kando yake nikisugua matumbo ya viboko na migongo ya tembo mpaka vidole vinakunjamana. Jiwe la sabuni likilowa huonyesha rangi zake zote. Likikauka hugeuka jeupe, na vumbi lake huingia kila mahali, hata kwenye ugali.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza wakati mnunuzi mmoja, mwenye duka mjini Kisii, alipotuletea habari mpya. Alisema serikali yetu na ya Ufilipino zimekubaliana kuuziana vitu moja kwa moja, bila kupitia kwa Wazungu. Mama akauliza hao ni watu gani. Akajibiwa ni wakulima kama sisi, wana mvua na wana ndizi.

"Kama wana ndizi, wanataka nini kwetu?"

"Mawe, mama. Wanataka sanamu za Maria. Kule kila mtu humwita Mama."

Sisi tulikuwa Wasabato. Kengele ya Wakatoliki tuliisikia kila siku, lakini baba hakuwahi kutia mguu katika kanisa lao, na hakujua huyo Maria anafananaje. Mnunuzi hakuwa na picha. Alieleza kwa mikono tu: shuka kichwani, mtoto kifuani, macho chini. Basi baba akamketisha mama kwenye kigoda, akamfunika leso kichwani, akampa kibuyu cha maziwa akipakate badala ya mtoto. Mama alicheka mpaka maziwa yakamwagika.

"Mimi na Maria wapi na wapi!"

Baba alimkaripia atulie, huku naye anacheka. Sijaona tena watu wazima wawili wakifurahiana namna ile.

Sanamu zote zilitoka na unyusi wa kulia uliopanda kidogo, na mashavu ya mama, na kile kidevu chake chenye kishimo. Mnunuzi alizitazama, akasema Maria huyu ni Mgusii mtupu, lakini akazipakia. Meli ziliporudi zilileta mafuta ya nazi ya nywele, naye mnunuzi akampa mama mkebe mmoja. Kwenye kifuniko palichorwa mwanamke wa kule, nywele ndefu, ua sikioni. Mama aliyapaka kwenda kanisani tu, kwa ncha ya kidole, ili yasiishe upesi.

Alikuwa mjamzito. Alijifungua msichana, na damu haikukatika. Nasema hivyo tu, kwa sababu mpaka leo siwezi kusema zaidi.

Tulipomaliza kumzika ndipo tulipogundua kwamba hatuna picha yake. Kitambulisho enzi hizo kilikuwa cha wanaume, na mama hakuwa amepigwa picha hata moja maishani. Kilichobaki ni sanamu ya mwisho ya oda iliyofuata, ambayo hakuwahi kuisugua. Baba aliiweka ndani, juu ya kabati la vyombo, uso ukielekea mlangoni.

Lakini nyumba ya msiba haina mlango, kila mtu huingia. Wazee wa kanisa wakaja. Walikuwa watu wema, ndio waliotuchotea maji na kutupasulia kuni siku zote za matanga, na hilo ndilo linaloniuma.

"Ndugu, kuchonga za kuuza tulikufumbia macho," mkubwa wao alisema. "Kuiweka nyumbani ni kuvunja amri. Ivunje kabla ya Sabato, la sivyo tutakufuta ushirika."

"Si Maria huyu. Ni mama yao."

"Hapo ndipo pabaya zaidi," mzee akajibu kwa upole. "Maria usingemlilia. Huyu utampigia magoti."

Walipoondoka, baba aliitoa sanamu nje, akachukua nyundo. Nilimfuata. Aliinua nyundo, akaishusha polepole, akaketi chini. Kuliacha kanisa hakuweza. Yeye na mama walibatizwa mtoni siku moja, na tumaini lake lote lilikuwa kumwona siku ya ufufuo. Kuivunja pia hakuweza.

"Isugue," akaniambia. "Sanduku la mnunuzi la kwenda Ufilipino bado lina nafasi."

Niliisugua peke yangu mchana kutwa. Nilisugua paji la uso, unyusi ule, mashavu, nikaendelea kumwagia maji hata jiwe lilipokwisha kulainika, kwa sababu nikimaliza angeondoka. Kisha baba akaifunga kwa majani makavu ya mgomba, akianzia miguuni, akauacha uso mwisho. Alisema heri aende mbali akiwa mzima. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia sana.

Mdogo wangu alikua kwa maziwa ya ng'ombe na mgongo wangu. Mafuta ya mama yaliisha, mkebe tukautilia sindano na vifungo. Siku moja, alipokwisha kujua kuongea vizuri, nilimkuta ameuinamia, anampangusa yule mwanamke wa kifunikoni kwa mate na pindo la gauni.

"Mama amejaa vumbi," akaniambia.

Nilifungua mdomo nimweleze. Baba alikuwa mlangoni akichonga bakuli. Nyuso alikuwa ameacha kuzichonga. Hakugeuka.

"Mwache," alisema. "Na wetu, huko aliko, wanamwita Mama."

Nikachota maji kwenye karai, nikampa mtoto kitambaa safi asugue.