Jeneza Tupu Sebuleni kwa Kostansia

Kostansia alisikia kikohozi cha mumewe kwa mara ya kwanza huko Louisville, mwaka ule ule yeye na binti yake walipofika Marekani. Ilikuwa mchana, naye alikuwa anaosha mchele jikoni katika fleti yao ya Highview. Nyuma ya mlango mtu alikohoa mara mbili, kisha akanyamaza, kama alivyozoea kufanya Zenoni alipotaka kuingia ndani bila kubisha. Kostansia alifungua mlango kwa mikono iliyolowa. Nje palikuwa na baiskeli ya mtoto wa jirani tu.

Hakuogopa. Alirudi jikoni akaongeza mchele.

Zenoni alipotea Tanzania mwaka 2003, walipokuwa katika kambi ya wakimbizi wa Burundi huko Kibondo. Alitoka asubuhi na jembe kwenda kulima kibarua katika kijiji kilicho nje ya kambi, jambo lililokatazwa, na hakurudi. Wengine walisema alikamatwa na kurudishwa ng'ambo ya mpaka. Wengine walidai wamemwona Makamba, kule Burundi, akiuza chumvi. Binti yao, Elisabeth, alikuwa bado ananyonya. Kwa kuwa maiti haikuonekana, hawakukaa matanga. Na mtu ambaye watu hawajamkalia matanga, kwa mawazo ya Kostansia, alikuwa bado njiani.

Kwa hiyo kila alipohama aliacha maagizo. Alipotoka Louisville kufuata kazi ya ghala Columbus, alimwomba Aloisi, Mrundi mwenzake wa jengo lile, amwelekeze mumewe atakapofika. Columbus waliishi Northland. Huko nako, kabla ya kuhamia Buffalo kwenye nyumba za bei nafuu, alipita dukani kwa Paluku, Mkongomani mwenye kuchanganya Kiswahili na Kifaransa, aliyeuza unga wa muhogo na samaki wakavu kando ya barabara ya Morse.

"Akija mwanamume mrefu, anakohoa mara mbili kabla ya kusema, mwambie tumeenda Buffalo."

"Donc, Mama Eliza, na kama anakohoa mara tatu?"

"Huyo si wangu."

Paluku alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, aliingiza samaki mmoja zaidi kwenye mfuko wake. "Bon. Nitamuambia."

Kikohozi kiliwafuata. Columbus kilikuwa kwenye ngazi. Buffalo, katika nyumba kuukuu ya mbao aliyoinunua Black Rock, karibu na mto, kilikaa kibarazani. Kostansia aliweka taa pale, na taa hiyo iliwaka usiku na mchana. Elisabeth alipokua alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu mwingine mtaani anayewasha taa juani. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba hakuna mtu mwingine mtaani anayemngojea baba yake.

Kazi yake mpya ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunza. Huko alizoeana na muuguzi Mfilipino, Remedios, kwa sababu wote wawili walileta wali kazini. Binti wa Remedios, Ligaya, alikuwa anatengeneza filamu pamoja na marafiki zake, bila kampuni yoyote nyuma yao. Ilikuwa hadithi ya familia ya Kifilipino kama yao: mama muuguzi, watoto wanaoelewa lugha ya nyumbani lakini wanaijibu kwa Kiingereza, na bibi anayefia ugenini. Alihitaji nyumba ya zamani.

"Aliona picha ya sebule yako kwenye simu yangu, akalia," Remedios alisema wakati wa chakula cha mchana.

"Alilia kwa sababu gani?"

"Zulia. Ni kama letu la zamani."

"Mtoto analilia zulia?"

"Wa kwangu ndivyo alivyo." Remedios alifunika bakuli lake. "Kuna jambo moja. Litaingia jeneza."

Kostansia aliacha kutafuna. "Lenye mtu?"

"Tupu. La mbao nyembamba, wamelipaka rangi wenyewe."

Kostansia alikubali, akaomba kitu kimoja tu: wasizime taa ya kibarazani.

Walikuja Jumamosi moja ya Oktoba 2015. Vijana waliingiza jeneza jeupe kwa mlango wa mbele. Kisha wakaziba madirisha yote kwa vitambaa vyeusi, ndani kukawa usiku huku nje jua likiwaka juu ya majani makavu. Waliwasha mishumaa na kupanga maua. Waigizaji walikaa kwenye viti kuuzunguka msiba wa bibi ambaye hakuwapo. Ligaya alimwomba Kostansia aketi nao kama jirani. Kostansia alipita viti, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani. Kijana mmoja alitaka kumletea kiti.

"Mwache," Ligaya alisema. "Mwache hivyo hivyo."

Wakati huo habari ilikuwa imeshasambaa. Ng'ambo ya barabara aliishi Esperance, mama wa Kikongomani wa kanisa lao, naye alikuwa akingoja basi jeneza lilipoingia. Kwa watu wetu, nyumba yenye msiba haipigiwi simu kuulizwa amekufa nani. Swali hilo huulizwa watu wakiwa wameketi, baada ya pole. Kwa hiyo Esperance aliliacha basi, akawapigia simu wengine wote isipokuwa Kostansia.

Kufikia adhuhuri magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima. Wanawake walishuka wamejifunga vitenge kiunoni, wamebeba sufuria za wali na maharage, mikeka na katoni za soda. Mbele yao alitangulia mzee wa kanisa, Ruberwa, amevaa koti lake la Jumapili. Walitoka kwenye jua wakaingia katika usiku ule, wakaliona jeneza kati ya mishumaa, na kilio kikaanza hapo hapo mlangoni.

Mpiga picha alimgeukia Ligaya. Ligaya alitikisa kichwa, na taa nyekundu ya kamera ikazimika.

Esperance alijibwaga karibu na Kostansia na kumkumbatia. "Mama Eliza, tuko hapa. Hutalia peke yako."

Elisabeth alishuka ngazi mbio. Alitazama umati, akatazama jeneza. "Mama," alinong'ona, "waambie ni filamu."

Mzee Ruberwa alivua kofia. "Mama, pole sana. Tulisikia jeneza tu, hatukuuliza mengine. Sasa utuambie. Ni nani ametutoka?"

Neno moja lingetosha. Wangecheka, wangekula maharage yao, na Esperance angetaniwa hadi Krismasi. Kostansia alifungua kinywa alitamke neno hilo. Kutoka kibarazani mtu alikohoa mara mbili. Alitazama nyuso zote zilizomzunguka. Hakuna aliyegeuka.

"Ni Zenoni," alisema. "Baba Eliza."

Kilio kilikatika. Wengi walijua habari za Zenoni. Walimjua kama mtu anayetarajiwa.

"Alikufa lini?" mzee aliuliza kwa upole, kwa sababu msibani lazima mtu aeleze jinsi marehemu alivyoondoka.

"Sijui, Mzee. Alitoka na jembe."

"Tueleze."

Alieleza. Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia Highview na Northland, na kila mara iliishia kwa mtu anayekuja. Safari hii aliisimulia polepole: uji alioubakiza Zenoni, mvua iliyonyesha mchana ule, majirani waliorudi bila yeye.

"Jembe lilirudi?"

"Halikurudi."

"Na mwenyewe hakurudi."

Kostansia alilitazama jeneza. "Hakurudi," alisema.

Mzee Ruberwa aliomba, na wanawake wakaimba juu ya jeneza lile tupu. Wafilipino walisimama ukutani wameinamisha vichwa, na Remedios akafanya ishara ya msalaba. Elisabeth aliketi sakafuni karibu na mama yake. Akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: "Shati lake lilikuwa rangi gani?"

"Kijani."

Watu walikula, wakawalisha waigizaji pia, wakaondoka alasiri. Esperance, ambaye sasa alikuwa ameiona kamera, alitoka wa mwisho. "Wewe mama," alisema akifuta macho, "mimi nilikuletea msiba, na wewe ukaupokea."

Remedios alimletea Kostansia koti. "Twende. Kwetu mtu akitoka msibani haendi moja kwa moja nyumbani. Anapitia mahali kwanza, ili marehemu asimfuate."

"Mimi niko nyumbani tayari."

"Basi toka, halafu urudi."

Walikwenda kwenye duka la kahawa na maandazi kando ya mtaa wa Niagara. Kostansia aliagiza chai ya maziwa yenye sukari nyingi, akaiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kisichokuwa na mtu. Remedios alikunywa kahawa yake. Ilipofika saa ya kuinuka, Kostansia hakuinuka.

"Siwezi kumwacha hapa. Hajui Kiingereza."

"Mama yangu yuko hapa," Remedios alisema. "Alipofariki kule kwetu sikupewa ruhusa kazini. Mazishi niliyatazama kwenye simu, kwenye meza hii. Nikamaliza, nikatoka, nikamwacha."

"Anaongea lugha gani?"

"Kiilokano. Lakini alipenda sana wageni."

Kostansia alikitazama kile kiti. Kisha akakisogeza kikombe taratibu hadi kikawa kati ya viti viwili vitupu.

"Atakohoa kwanza," alisema. "Mama yako asishtuke."

Walitoka bila kugeuka nyuma.

Giza lilikuwa linaingia alipofika nyumbani. Jeneza lilikuwa bado sebuleni, maana kesho yake Ligaya angerudi kumalizia. Elisabeth alisimama mlangoni, mkono kwenye swichi ya taa ya kibarazani.

"Nizime?"

Kostansia alisikiliza. Treni ya mizigo ilipita darajani, ikaisha. Kibarazani hapakuwa na sauti yoyote.

"Zima."

Taa ilizimika. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu Louisville, Kostansia aliogopa. Alimshika binti yake mkono, wakaingia ndani pamoja.