Mashine ya Gatwekera Isiyojua Matanga

Nilitumwa Kibera na wenye ploti za kupangisha wenzangu wa Kawangware, na nikakubali kwa furaha ya kijinga. Kampuni moja ilikuwa imetuahidi kuingiza mtaa wetu katika mpango wa mji wa kisasa: maji kwa kadi, mashine badala ya mtu wa bomba, kamera ya kuzuia wizi, na kila tone likionekana kwenye kompyuta huko ofisini kwao. Mashine yao ya kwanza ilikuwa tayari inafanya kazi Gatwekera, humo Kibera. Mwenyekiti Kamau akasema kabla hatujatia sahihi, aende mtu mmoja akaone kwa macho yake. Wakanichagua mimi, Mama Njeri, kwa sababu eti nina mdomo. Nikapewa kadi ya mgeni kutoka kwa kampuni, pamoja na karatasi ya makubaliano. Bila sahihi yangu, mimi mjumbe, karatasi hiyo haiendi popote.

Saa moja na nusu asubuhi niliondoka kituo cha Kawangware 56 kwa miguu, nikaifuata Naivasha Road hadi Ngong Road. Njia nzima nilikuwa napanga mahali pa kuisimika mashine yetu. Niliiona pale karibu na duka la simiti, imepakwa rangi ya buluu, watu wamepanga mstari kwa adabu. Sikumfikiria mtu hata mmoja wa kusimama kwenye huo mstari.

Saa tatu nilikuwa Makina. Nikaingia kwenye duka dogo karibu na msikiti kununua maji ya kunywa, nikamuuliza mwenye duka njia ya kwenda kwenye mashine ya maji.

“Vuka reli, teremka tu,” akasema. “Ukiona mitungi mingi na watu wamenuna, hapo ndio umefika.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Gatwekera nilifika karibu saa nne. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Akoth, muuza omena, wale samaki wadogo wakavu, na dada ya mpangaji wangu mmoja. Nilimkuta amesimama mbele ya mashine na wanawake wengine wengi, mitungi mitupu miguuni. Nilipomsalimia alinishika mkono bila kuniangalia.

“Karibu, mama. Umekuja siku mbaya. Tuko na matanga na hatuna maji.”

Jirani yake, Mzee Ouma, fundi wa viatu, alikuwa amefariki Jumapili. Watu wa ukoo walikuwa wameanza kufika kutoka nyumbani kijijini, na nyumba ya marehemu haipokei wageni bila uji na chai. Desturi ya pale ni kwamba msiba ukitokea, kila mlango unatoa mtungi mmoja wa maji kwa wafiwa kabla ya kujitekea wenyewe. Hakuna anayeitisha mkutano wala kuandika majina. Zamani mtu wa bomba alikuwa akisikia kilio, anafungua tu.

Mashine ilipokuja, kila nyumba ilipewa kadi yenye kiasi chake cha maji kwa siku. Kwa hiyo asubuhi hiyo majirani walifanya walivyozoea. Walimletea mjane kadi zao, wakazitumbukiza ndani ya karai mlangoni pake, na Mama Akoth akachukua karai lote akaenda kuteka. Kadi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu pia. Kisha kamera ikaona sura ileile na kadi nyingi, ikaamua kuwa huyu mama ni mwizi anayeuza maji ya watu. Ikazifunga hizo tatu na kila kadi nyingine ya karai aliyoijaribu, na mlango wowote uliotoa kadi ukakosa maji siku hiyo. Waliokuwa wabinafsi, wakazificha kadi zao, hao walikuwa wanateka bila shida.

Nilipoelewa hilo, damu ilinipanda kichwani. Nikamfuata mhudumu wa mashine, mwanamume mwenye fulana ya kampuni na tabuleti mkononi.

“Hawa watu umewafungia kwa nini?”

“Mathe, mimi sina noma na wao. Ni system imewablock. Kila mtu aende ofisi na kitambulisho, aseme kadi ilifanya nini, wamfungulie.”

“Waseme wamefiwa.”

Akanigeuzia tabuleti nisome mwenyewe. Palikuwa na sababu tatu za kuchagua: imepotea, imeibwa, imeharibika. “Hiyo ya kufiwa haiko,” akasema. “Sasa nitabonyeza wapi?”

Nilitamani kuivunja ile tabuleti. Kuna mtu mahali fulani, kwenye kiti kizuri, aliyekaa akafikiria kila ubaya ambao maskini anaweza kufanya, na wema mmoja haukumjia akilini. Wizi wameuwekea kamera. Majirani wakisaidiana, mashine inawaita wezi, halafu wanatuambia hiyo ndiyo akili.

Ndipo nikaikumbuka kadi ya mgeni mkobani mwangu. Nikaigusisha kwenye mashine. Taa ikawa kijani, maji yakatoka. Mtungi wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi. Kamera ilinitazama usoni na haikusema kitu. Mimi, mwenye ploti wa Kawangware ambaye sikai Gatwekera wala simjui marehemu, nilikuwa natekewa bila kipimo. Mama Akoth alikuwa akiondoa mtungi uliojaa na kuweka mtupu, na machozi yakimtoka kwa hasira.

“Kwa hivyo wewe ndio inakuamini,” akasema.

Niliendelea kuteka hadi nyumba ya mfiwa ikatosheka na kila mlango uliotoa kadi ukapata mtungi wake. Mjane alinipa uji kwenye kikombe cha plastiki, nikaunywa nikiwa nimesimama, na saa tisa nikaanza safari ya kurudi. Niliipanda barabara ileile bila kuona duka wala gari.

Asubuhi iliyofuata wenye ploti tulikutana ukumbini. Kabla sijafungua mdomo, Mwenyekiti Kamau akasoma ujumbe wa kampuni kwenye simu yake: mjumbe wenu ameitumia mashine mara nyingi kuliko mgeni yeyote, ishara kwamba ameridhika sana. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wameyahesabu maji ya matanga kama sifa zao!

Nikasimama nikawaeleza yote, nikipiga kelele, sikatai. Nikawaambia mashine yoyote itafuata kile ambacho wenyeji wanakithamini ikiwa tu wenyeji wameulizwa, na ndani ya ukumbi ule hapakuwa na mpangaji hata mmoja.

“Wapangaji tutawaita wakati wa kufunzwa kutumia kadi,” Kamau akasema. “Sasa weka sahihi twende nyumbani.”

Nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani na kutoka. Amenipigia simu mara nyingi, sijashika.

Jioni hiyo niliwaita wapangaji wangu uani, nikawasomea karatasi neno kwa neno. Nikawaambia, bila aibu, kwamba hakuna atakayewafungia maji bila kuwauliza. Kisha dada ya Mama Akoth akanyoosha kidole kwenye bomba la ploti, ambalo mimi mwenyewe hulifunga kwa kufuli kila siku saa sita mchana, miaka yote hii.

“Basi tuanze na hiyo, Mama Njeri,” akasema. “Hiyo ulituuliza lini?”

Nilikasirika, nikataka kumkumbusha ploti ni ya nani. Badala yake nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi, nikamwambia aendelee kusema.