Maman Achagua Viza ya Kutembea

Simu ililia usiku wa manane nikaruka, maana simu ya saa ile huleta msiba. Kumbe ni kaka yangu, kule Kanada. "Kesho mupeleke maman ku biro, aombe viza ya kubakia huku. Chumba yake iko tayari!" Sikulala tena. Mtoto wangu hajaota hata jino, na mama ndiye anayemwogesha. Mimi naogopa hata kumshika shingo.

Asubuhi, kwenye ofisi ya viza mtaani Nguba, karani akamuuliza mama: "Maman, ya kutembea ao ya kubakia?"

Mama akafunga kitenge chake upya, polepole. "Nikibakia kule, papa, nani atapalilia kaburi ya muzee wangu, baba ya hawa watoto, kule kijijini Miti? Andika ya kutembea."

Kumbe atarudi! Nikaangua kilio palepale, mtoto mgongoni. Mama akacheka. "Hivi hivi mulikuwa munalia nikienda Kamituga kuuza sabuni. Kaka yako alikuwa anakimbiza gari, viatu vinabakia mu matope."

Nje akanishika mkono. "Usimuambie kaka yako kama ni mie nilichagua. Ile chumba aliipaka rangi yeye mwenyewe."

Nikaapa. Basi nimewaambia ninyi tu, wasomaji. Mtu mwingine sitamwambia.