Mke wa Rafiki wa Utafiti

Wiki nzima kabla ya sherehe Elimringi alikuwa akijifunza kupanda jukwaani. Jukwaa hakuwa nalo, akawa anatumia ngazi za nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi pale Pasua. Anapanda, anageuka, anainamisha kichwa kidogo kama mtu anayevishwa kitu shingoni, kisha anashuka taratibu amebana tumbo. Mkewe Magreth alimwona kupitia dirisha la stoo, akaendelea kupanga mabomba. Katika miaka yao ya ndoa alishamwona akifanya upuuzi mwingi, ila huu ulimtia aibu hata mbele ya mabomba.

Magreth hakuwa mwanamke wa kelele. Alizaliwa Mwika kwenye nyumba ya mkulima wa kahawa, akaolewa Mbokomu, akateremka mjini na mumewe wakati duka lao bado ni kibanda cha misumari. Mafundi wote wa Pasua walimjua yeye kuliko mwenye duka. Nyumbani alimpakulia mumewe chakula kwa heshima, akimwita Baba Aneth, na hakuna jirani aliyewahi kusikia wakigombana. Lakini moyoni alikuwa amemshusha siku nyingi, akamweka chini kabisa, na hakuwa na mpango wa kumpandisha.

Alimshusha mwaka ule Sifael alipougua. Sifael alikuwa kaka yake Elimringi, mkubwa wao, aliyebaki kwenye kihamba, shamba la urithi la wazazi, na kulima migomba ili mdogo wake asome. Ugonjwa ulianzia kooni. Kwanza nyama ilimkwama, baadaye ugali, kisha hata mtori, ile supu nzito ya ndizi ambayo hata mtoto asiye na meno anaimeza. Mwisho ikawa maziwa tu, nayo yachujwe. Magreth alikuwa akipanda Mbokomu na chupa ya uji mwepesi, anamwinua shemeji yake, anamnywesha kijiko kimoja kimoja, na uji unaporudi anaufuta, anaanza upya. Mke wa Sifael, Elifuraha, alikuwa akishika beseni.

Elimringi alipanda mara moja tu. Alisimama mlangoni, leso puani, akamsalimia kaka yake kwa mbali kama anayesalimia mtu wa ng'ambo ya mto, akasema kuna lori la saruji linamngoja dukani. Hakukuwa na lori. Magreth ndiye aliyekuwa akiagiza saruji.

"Ana kazi nyingi," Sifael alisema baada ya gari kuondoka, akimtetea. Magreth alichovya kijiko.

Baada ya mazishi Elimringi alijiunga na Klabu ya Huduma ya Theluji. Ilikuwa klabu ya watu wazito wa mji, au wanaotaka kuonekana wazito, waliokutana hotelini jioni wakiwa wamevaa fulana za rangi moja na kuitana ndugu. Walikuwa wakipanda miti shuleni kwa koleo zilizofungwa utepe; mbuzi walikuwa wakiila miti hiyo kabla picha hazijasambaa. Kisha mmoja wao akaleta wazo la kuchangia utafiti wa saratani ya koo uliokuwa ukifanywa hospitali, kwa kuwa hakuna familia mlimani isiyojua msiba wa aina ile. Wazo lilikuwa zuri, na Magreth mwenyewe alikiri hivyo. Elimringi alichangia, akaongeza, akachangia tena, mpaka klabu ikaamua kumvisha nishani ya Rafiki wa Utafiti.

"Elifuraha amealikwa?" Magreth aliuliza, mumewe akifunga tai mbele ya kioo.

"Angelia," Elimringi alijibu. "Ingeharibu shughuli."

Ukumbi wa hoteli ulipambwa kwa vitambaa vyeupe, na mapazia yakavutwa yakaufunika mlima ili picha za ukutani zionekane vizuri: Elimringi na koleo, mwenyekiti Thadeus na koleo, Elimringi na mwenyekiti wameshika koleo moja. Katibu wa klabu alikuwa mama mmoja anayeitwa Priska, mnene, mwenye kofia pana ya zambarau, aliyekwenda huku na huku akiwapanga watu kama viti. Alimshika Magreth kiwiko akamhamisha mahali pake.

"Wake wa wenye nishani wanakaa huku, mama. Na ukiona kamera, tabasamu kidogo. Umekaa kama uko msibani."

Magreth aliitazama ile kofia na kumchukia mwenye nayo papo hapo, akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nishani zilivishwa. Kila aliyeitwa alisomewa sifa zake, na sifa zenyewe zilifanana kiasi kwamba ungeweza kubadilisha majina pasiwepo wa kugundua. Zamu ya Elimringi ilipofika alipanda vizuri, aligeuka vizuri, aliinamisha kichwa vizuri. Kisha akaomba kusema neno.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ikatetemeka mahali alipotaka itetemeke. "Mimi nilimlisha kaka yangu kwa mikono hii. Kijiko kwa kijiko. Uji ukirudi, naufuta, naanza upya."

Watu walitoa leso. Thadeus aliondoa miwani. Magreth aliikodolea macho mikono ya mumewe iliyoinuliwa kwenye mwanga, misafi, yenye pete, na akatambua kwamba maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa akimsimulia jioni zile alizorudi kutoka Mbokomu, mumewe akiwa amelala kwenye kochi anatazama mpira. Kumbe alikuwa akisikiliza. Hilo lilimuudhi kuliko uongo wenyewe.

Baada ya hapo aliitwa daktari wa utafiti, Victoria, msichana mwembamba aliyevaa viatu vya chini na kuonekana hajalala vya kutosha. Alishukuru kwa maneno machache. Alisema vifaa vimenunuliwa na vinafanya kazi.

"Sasa tunahitaji watu," alisema. "Watu wazima wenye afya, hasa ndugu wa damu wa waliougua. Mtu anameza kidonge chenye uzi. Kikifika tumboni kinafunguka, kinakuwa sifongo ndogo, halafu tunakivuta polepole kitoke na chembe za kooni. Si kitamu, lakini hakiumizi sana. Nani tumwandike hapa hapa?"

Thadeus aliligundua paja la kuku kwenye sahani yake. Wengine walizitazama simu zao, ambazo hazikuwa zimeita. Mwenye kampuni moja ya magari ya watalii aliuliza kwa adabu kabisa kama anaweza kumtuma dereva wake.

"Koo tunalotaka ni la kwako, baba," daktari alisema.

Macho yalianza kumgeukia Elimringi, maana yeye ndiye aliyekuwa na kaka. Alikohoa, akagusa nishani.

"Nitaangalia ratiba yangu," alisema.

Magreth aliinua mkono. "Niandike mimi."

"Wewe ni ndugu wa damu, mama?"

"Hapana. Ila nimekula nao chungu kimoja tangu nilipoolewa."

"Na watu kama wewe tunawahitaji," daktari alisema, akaandika. Priska alipokea kipaza sauti haraka na kutangaza kwamba keki iko tayari.

Ndani ya gari Elimringi hakuwasha redio.

"Umeniaibisha," alisema walipokaribia Pasua.

"Kwa lipi?"

"Ungenisubiri nijibu."

"Ulijibu, Baba Aneth. Ratiba."

Alisimamisha gari kando ya duka, asizime injini. Nishani bado ilikuwa shingoni. "Naogopa, Mama Aneth," alisema kwa sauti ambayo safari hii hakuipangia mtetemo. "Kama kipo, sitaki kukijua."

Mwanamke mwingine angemshika bega. Magreth naye alihisi kitu kikimgusa, kidogo, akakisikiliza kuona kama ni huruma. Kisha akaukumbuka mlango wa Mbokomu.

"Sifael pia aliogopa," alisema. "Kila gari likipita barabarani alikuwa akiniuliza kama ni wewe." Akafungua mlango, akashuka.

Juma lililofuata alikwenda hospitali. Kwenye benchi alikuta mama mkulima wa mpunga kutoka Kahe, na mzee aliyekuwa ametoka mji wa Mkuu alfajiri ile, amevaa koti la kanisani. Aliwaamkia shikamoo. Alipekua uso mmoja baada ya mwingine akitafuta fulana za klabu, na kutoziona kulimpa furaha chungu, kama mtu aliyeshinda dau ambalo hakutaka kushinda.

Ndipo alipomwona Priska. Alikuwa mwisho wa benchi bila kofia, amejifunga kanga kichwani, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Umekuja kupiga picha?" Magreth aliuliza.

"Nimekuja kumeza," Priska alijibu bila kukasirika. Akasogea kidogo kumpisha akae. "Mama yangu alikufa kwa koo. Na dada yangu."

"Mbona siku ile hukunyoosha mkono?"

"Nilishaandikwa zamani. Klabu hawajui. Wakijua watanipandisha jukwaani na kuniambia nilie." Alitazama sakafu. "Ile kazi naifanya ili fedha ziingie, dada. Wale hawatoi mpaka wapigiwe makofi. Basi nawapigia."

Walipoitwa waliingia pamoja. Kidonge chenyewe kilipita. Uzi ndio ulikuwa mbaya, unakuna kooni na huwezi kuufikia. Priska alitapika mara ya kwanza, machozi yakamtoka, akataka kuacha. Magreth alimshika mgongo kama alivyokuwa akimshika Sifael, akamwambia apumue kwa pua, polepole, asifikirie uzi.

"Nifikirie nini?" Priska aliuliza akitweta.

"Mfikirie yule aliyetaka kumtuma dereva."

Priska alicheka mpaka nesi akawafokea. Mara ya pili alikimeza.

Majibu ya Magreth yalikuja safi. Ya Priska yalionyesha kitu kidogo ambacho daktari Victoria alisema kimewahiwa, kinatibika, ila kitahitaji kufuatiliwa na asije akakosa kliniki hata moja. Tangu hapo wanakwenda wote wawili. Klabuni Priska bado anavaa ile kofia na kuwapanga watu, na Elimringi, ambaye hajaenda kumeza chochote, ameambiwa mwakani atapandishwa daraja.

Hajawahi kumuuliza mkewe majibu yalisemaje. Aliuliza tu, asubuhi ya kliniki ya kwanza, alipomwona amevaa gauni la kutokea wakati mafundi wanaanza kufika: "Sasa dukani atauza nani?"

Magreth alimpa funguo.

"Utauza wewe," alisema. "Bei za mabomba waulize mafundi." Akatoka kwenda kumpitia Priska.