Joto Ndani ya Magunia

Katika mji mdogo wa Mtama, kusini, mwanzoni mwa soko huria, ghala la ushirika lilipangishwa kwa kampuni ya watu binafsi, nami, msichana bado, nikapata kazi kwenye mizani. Ninachokumbuka kwanza ni harufu ya korosho zilizoanikwa uani. Ilielea kwenye jua la adhuhuri, nzito, hata mtu akajiona kama anatembea usingizini.

Uani alitawala mama mmoja wa Kimakonde. Alitembea juu ya korosho pekupeku, polepole, akizigeuza kwa nyayo. Kisha aliokota moja na kuitikisa sikioni, asikie kama imekauka. Akisema, "Bado," sote tulisubiri.

Akaja meneja mpya, mtu mpole, mwenye bidii. Alitugawa vitengo: mapokezi, uani, mizani, ghalani. Kila kitengo kikapewa lengo lake, na kila Ijumaa waliomaliza haraka walipigiwa makofi. Niliyapenda makofi yale, sifichi. Uani ndiko hayakufika, mpaka yule mama akachoka kuwa wa mwisho. Akaacha kutikisa.

Mvua za kwanza zikadondoka. Alasiri moja niliegemea magunia ghalani nipumzike. Yalikuwa na joto, kama mgongo wa mtu mwenye homa. Nusura nisinzie, joto lenyewe lilivyokuwa tamu. Halafu nikashtuka: korosho kavu haina joto.

Nikamwendea meneja. "Bosi, magunia yamepata joto."

"Wewe kazi yako mizani," akasema, bila ubaya. "Wa ghalani hawajalalamika."

Kweli hawakulalamika. Waliambiwa wapange, hawakuambiwa waguse.

Nikamfuata mama uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza. Alinishika mkono hadi ofisini, akamwomba meneja atufuate, na kule ghalani akafungua gunia. "Ingiza mkono, baba."

Meneja akauingiza. Ulipotoka ulikuwa na vumbi la kijani la ukungu. Aliutazama, mvua ikinong'ona juu ya mabati.

"Lakini kila kitengo kimefikia lengo," akasema, kama anayeota.

"Kila mtu kafanya yake," mama akajibu. "Hata mimi. Korosho ndiyo haikuwa na mwenyewe."

Mvua ilipokatika tulitoa magunia yote nje, sote, bila kitengo. Meneja alivua viatu akafundishwa kugeuza kwa nyayo. Korosho nyingi tulizitupa. Tangu hapo meza yake ilikaa uani, na mama akiinua mkono, mizani ilisimama, na ghala likasimama, na hakuna aliyenung'unika. Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya uongozi, nilisikia hilo likiitwa mfumo.

Kampuni ilidumu misimu miwili zaidi, kisha ikafunga. Mama akarudi kwao, juu uwandani, Umakondeni. Mimi nikaolewa Lindi.