Wimbo wa Kinyozi wa Bofu

Bisha ukitaka, lakini mwaka huu hakuna aliyezunguka kunishinda mimi, Bofu hadi Kiembeni. Safari zote hizo hazikunichosha kama jambo la juzi kwa kinyozi.

Redio ilipiga wimbo niupendao kuliko zote. Mteja, kichwa kimenyolewa nusu, akang'aka: “Zima! Huo ni wa chama chao.”

“Marehemu mke wangu aliingia harusini kwa wimbo huu, kaka,” nikamwambia.

“Basi nenda ukawaoe wao!” Akatoka vivyo hivyo, nusu kipara.

Kinyozi akaizima redio, akafagia nywele. Siasa imetubakishia nini jamani, ikiwa hata harusi za watu imezichukua?

Ila sikuwaambieni nilizunguka na nini. Nilikuwa juu ya lori la kampeni, na aliyekuwa akiuweka wimbo ule ni mimi.